Baiti Thelathini na Nne

Corbin Stadel alipohamia Fairbanks alikuwa na miaka thelathini na minne, na alijiona ameshaumaliza ufundi wake. Miaka tisa alikuwa ameandika programu katika kampuni kubwa ya Seattle, mahali ambapo kompyuta zikijaa mtu hakai kitako kujiuliza zimejaa nini. Anaagiza nyingine, na Jumatatu zimeshafika. Kwa hiyo siku alipopewa meza katika ofisi ya watu sita, juu ya duka la vipuri vya pikipiki za theluji, akaonyeshwa mashine atakayoiandikia programu, alicheka. Kilikuwa kibao cha kijani, kipana kama kiganja. Kumbukumbu yake yote isingetosha kubeba picha moja ya paka.

"Cheka tu, bwana Seattle," alisema mwanamke wa meza ya pili bila kuinua macho. "Ukimaliza utaniambia humo utatia nini."

Huyo ndiye Lorna Ruud. Alikuwa na miaka sitini na moja, mfupi, nywele nyeupe alizokata mwenyewe kwa mkasi wa ofisini, na miwani iliyofungwa shingoni kwa mshipi wa kuvulia samaki. Tervo, mkuu wa ofisi, alimwonya Corbin mapema: "Mama huyu akikwambia kitu kinaingia, kinaingia. Akikwambia hakiingii, usilete nyundo."

Kazi yao ilikuwa kutunza vituo vya kupima mito. Kila kituo kilikuwa sanduku juu ya nguzo ya chuma kando ya maji, lenye kihisi kinachotazama mto, paneli ya sola kubwa kama sinia, na antena ya kurusha ujumbe kwenye setilaiti. Kituo kilipima kimo cha maji na joto lake kila robo saa, kikakusanya vipimo ishirini, na baada ya saa tano kikavirusha vyote pamoja: baiti mia tatu na arobaini, kutoka nyikani hadi ofisini. Zaidi ya hapo betri ilikuwa haiwezi. Kila baiti iliyopanda angani ilikula umeme, na jua la Machi huko ni la kuomba.

Mwezi wa Januari, Shangazi Effie alipiga simu.

Effie Demoski ndiye aliyesimamia mambo ya dharura katika kijiji cha Nolkaket, kwenye Mto Yukon. Watu mia moja na sitini, hakuna barabara, ila mto na uwanja mdogo wa ndege. Kijiji kizima kilimwita shangazi, na baada ya muda ofisi nayo ikazoea. Mei iliyotangulia, barafu ilipovunjika, maji yaliingia Nolkaket wakati watu wanapata kifungua kinywa.

"Ujumbe wenu ulifika vizuri," alimwambia Tervo, sauti yake ikisikika ofisi nzima kupitia spika ya simu. "Haukupotea hata neno. Ulinikuta nimesimama juu ya meza ya jikoni."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Nataka kituo chenu kipime kila baada ya dakika mbili, na habari zinifikie kila nusu saa. Msinieleze mambo ya setilaiti. Nielezeni lini."

Tervo alipokata simu, Corbin alikuwa na jibu tayari. Paneli kubwa mara nane, betri nne badala ya moja, redio nyingine.

"Paneli kubwa mara nane juu ya nguzo ile," alisema Tervo, "upepo wa kwanza utaipeleka Kanada."

"Basi haiwezekani. Ni hesabu tu. Vipimo vinaongezeka mara saba na nusu, na umeme ni uleule."

Lorna akavuta kiti chake karibu. Alikuwa ameshika karatasi yenye vipimo vya mwaka uliopita. "Nisomee hizi namba, wewe mwenye macho mazuri."

Corbin akasoma. "Elfu tatu mia mbili na kumi na nne. Elfu tatu mia mbili na kumi na tano. Elfu tatu mia mbili na kumi na tano. Elfu tatu mia mbili na kumi na saba..."

"Umechoka?"

"Nimeanza kuchoka."

"Betri nayo imechoka. Namba ya pili, ungeweza kuniambia nini badala ya kunisomea ukoo wake wote?"

Corbin akatazama karatasi. "Moja. Imeongezeka moja."

"Halafu?"

"Sifuri. Halafu mbili."

"Na hiyo moja utaiweka wapi?"

"Katika baiti nne, kama zinavyowekwa namba zote."

"Abiria mmoja, umemkodia basi zima," alisema Lorna. Akageuza karatasi, akachora visanduku vinane kwa mstari. "Tazama. Baiti moja ni vyumba vinane. Vyumba saba walale wageni, yaani namba yenyewe. Cha nane mpe bawabu. Bawabu akiketi, wageni wote wameingia, funga mlango. Akisimama, kuna wengine nyuma, fungua baiti ya pili. Namba ndogo inachukua baiti moja. Kubwa inachukua mbili, au tatu. Kila mmoja analipa kwa ukubwa wake."

"Lakini nitajuaje namba moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, kama urefu unabadilika?"

"Muulize bawabu."

Corbin akakitazama kile chumba cha nane. Alikuwa amewahi kusikia mambo haya chuoni, kama mtu anavyosikia habari za mji asioutembelea. Huko Seattle yalifanyika ndani kabisa ya vitu alivyonunua tayari. Hakuwahi kuyashika kwa mkono. Akachukua kalamu na kupiga hesabu pembezoni mwa karatasi. Kipimo cha kwanza kizima, cha kimo na cha joto, pamoja na saa: baiti sita. Vipimo kumi na vinne vinavyofuata, kila kimoja tofauti mbili, baiti moja moja: ishirini na nane. Jumla thelathini na nne kwa nusu saa. Mara kumi, kwa saa tano: mia tatu na arobaini.

Akarudia hesabu. Ilikuwa ileile, baiti kwa baiti.

"Ulishaipiga hesabu hii kabla sijakaa," alisema.

"Nilishaipiga Shangazi alipokuwa bado anazungumza," alijibu Lorna, akarudi mezani kwake.

Corbin aliifanya kazi hiyo wiki tatu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijikuta akiamka asubuhi na hamu. Palikuwa na raha fulani katika kubana. Huko alikotoka angeandika mistari elfu bila kufikiri. Hapa kila mstari ulibidi ujieleze umekuja kufanya nini. Sehemu ya kufunga namba ilimalizika kwa mistari tisa. Sehemu ya kufungua, itakayokaa kwenye kompyuta ya ofisini, ilimchukua kumi na miwili, akaipeleka kwa Lorna kwa majivuno kidogo.

Lorna aliisoma mara moja. "Ujumbe ukiharibika njiani, mabawabu wote wakawa wamesimama, huyu mfunguaji wako atakomea wapi?"

Corbin akatazama. Hakukuwa na pa kukomea. Programu ingeendelea kufungua milango mpaka itoke nje ya nyumba.

"Namba zetu hazizidi baiti tano," alisema Lorna. "Ikifika ya sita, apige kelele aache. Na kila ujumbe uanze na kipimo kizima. Usimtegemee ndugu yake aliyetangulia. Huenda amepotea angani."

Corbin alirekebisha. Akaweka kibao cha kijani mezani, akakilisha namba za mto wa kubuni unaopanda polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ya kutisha. Joto aliliacha sifuri, kama lilivyo chini ya barafu. Kila nusu saa ya kubuni, ujumbe ulitoka: thelathini na nne, thelathini na nne, na mto ulipopanda sana, arobaini. Nafasi aliyotenga ilikuwa baiti sitini na nne, na aliamuru kwamba ujumbe wowote utakaoizidi utupwe, maana lazima uwe umeharibika. Akaandika kwenye ubao wa ofisi kwa herufi kubwa: 34. Tervo akampa mkono.

Safari ya kwenda kukifunga kibao kituoni ilipangwa wiki ya mwisho ya Machi. Siku nne kabla yake, Corbin akampigia simu Shangazi Effie kumpa habari njema.

"Shangazi, safari hii maji yakianza kupanda, utajua ndani ya nusu saa."

Upande wa pili kukasikika kicheko cha mtu mwenye mafua. "Mwanangu, yakipanda nitajua mwenyewe. Nina dirisha."

Corbin akavuta karatasi na kalamu.

"Ngoja nikwambie. Mama yangu hakuogopa maji yanayopanda mwezi wa Mei. Kila mwaka yanapanda. Unasogeza boti, unarudi kunywa chai. Aliogopa yakishuka. Mto umeshiba theluji iliyoyeyuka, halafu ghafla unashuka? Maji yameenda wapi? Hayajaenda. Huko juu barafu imejibana kwenye kona, imeziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Kizibo kikiachia, yanakuja yote kwa mkupuo, na barafu kubwa kama nyumba mbele yake. Mwaka jana ulishuka kwanza. Nilikuwa nimelala, sikuuona. Kwa hiyo usinieleze habari za kupanda. Mto ukishuka, ndipo nataka mashine yako ifungue mdomo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale."

Hakwenda kula. Alikaa akitazama orodha ya majaribio yake. Yalikuwa kumi na mawili, na yote yalikuwa ya mto unaopanda. Mafuriko ni maji kupanda. Nani angefikiri vingine? Akatunga mto unaoshuka milimita moja tu kila dakika mbili, jambo la kawaida kabisa, akakilisha kibao.

Nusu saa ya kubuni ikapita. Kibao hakikutuma kitu.

Akarudia, kikanyamaza tena. Mara ya tatu alikiamuru kimwonyeshe baiti zenyewe kabla ya kuzitupa, akaziona. Mtu akiandika hasi moja huweka kistari mbele ya moja, basi. Mashine haina kistari. Huandika hasi kwa kujaza vyumba vyote vya juu, kwa hiyo hasi moja, ambayo machoni pa mtu ni kitu kidogo mno, mle ndani inafanana na namba kubwa kuliko zote. Kila milimita iliyoshuka ilidai baiti tano kamili. Tofauti kumi na nne zilikula sabini peke yake. Ujumbe ulivimba ukazidi nafasi, na programu ikautupa, kwa amri yake mwenyewe Corbin.

Alikuwa ametengeneza kituo kinachosema vizuri sana siku zote za amani, na kinachokuwa bubu siku hiyo moja ya hatari. Na kama si mama mmoja mwenye mafua kumcheka kwenye simu, angekipeleka mtoni na kukifunga kwa skrubu nane.

Akasimama, akaenda kwenye meza ya Lorna. Aliona ni heri kulisema haraka.

"Mto ukishuka, programu yangu inanyamaza. Sikuijaribu. Nilijaribu kupanda tu."

Lorna akavua miwani, ikaning'inia kwenye mshipi. "Namba hasi."

"Namba hasi. Baiti tano kila moja."

Alitegemea maneno makali, na alikuwa tayari kuyapokea. Lorna akasogeza kikombe chake cha kahawa, akampisha akae ukingoni mwa meza.

"Nilikuwa na umri kama wako," alisema. "Tuliweka boya la utafiti kusini ya kisiwa cha Kodiak, wiki thelathini baharini. Mimi ndiye niliyeandika programu. Maji yalipokuwa yakipata joto, kila kitu sawa. Yalipoanza kupoa, tofauti zikawa hasi, zikafurika, zikakatwa. Tulipolivuta boya tukakuta tumerekodi kiangazi kizuri sana. Majira ya baridi hayakuwepo. Watu kumi na wawili walikuwa wanayasubiri majira yale ya baridi kwa miaka miwili."

"Ukafanyaje?"

"Nikalia chooni. Wewe umekuja mezani moja kwa moja, umeshanipita."

Akafungua droo, akatoa karatasi ndefu nyembamba ya mashine ya risiti. Akaandika namba kwa mstari: hasi nne, hasi tatu, hasi mbili, hasi moja, sifuri, moja, mbili, tatu, nne. Akaikunja karatasi pale penye sifuri, upande wa hasi ukalala nyuma ya upande wa chanya, akainyanyua mbele ya dirisha ili mwanga upenye.

"Hasi moja iko wapi?"

"Nyuma ya moja."

"Hasi mbili?"

"Nyuma ya mbili." Corbin akainama karibu zaidi.

"Sasa hesabu kutoka kwenye mkunjo. Sifuri, kisha nyuma, mbele, nyuma, mbele. Wape namba mpya."

"Sifuri ni sifuri. Hasi moja inakuwa moja. Moja inakuwa mbili. Hasi mbili, tatu. Mbili, nne..." Sauti yake ikapungua. "Hasi zote zinakaa kwenye witiri. Chanya zote kwenye shufwa. Hakuna hasi tena."

"Hakuna tena. Na kilichokuwa karibu na sifuri kimebaki karibu na sifuri, upande wowote kilikotoka. Kwa mashine: chanya, zidisha kwa mbili. Hasi, iondolee alama, zidisha kwa mbili, toa moja. Mstari mmoja wa programu."

Corbin aliishika ile karatasi muda mrefu. Alikuwa ameona programu nyingi zenye akili katika maisha yake, zile za kumfanya mtu aseme lo! kisha asizielewe. Hii ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu angeona haya kwa kutoigundua, na hakuna kilichoongezwa wala kupotea: kila namba ilikuwa na mahali pake na ingeweza kurudi ilikotoka.

"Uligundua wewe?"

"Mimi? Acha mzaha. Nilionyeshwa na mtu, naye alionyeshwa na mtu. Sasa umeonyeshwa wewe. Nenda kaandike, na safari hii uushushe mto mpaka uone mawe."

Aliushusha, na akaupandisha, akaushusha tena, akautetemesha juu na chini kama mtu mwenye homa. Aliomba vipimo halisi vya miaka sita na kuvipitisha vyote. Tofauti yoyote kati ya kushuka milimita sitini na nne na kupanda sitini na tatu iliingia katika baiti moja. Hata alipouangusha mto kwa kasi ambayo Lorna alisema haijawahi kuonekana, ujumbe haukuzidi arobaini na nane. Na ile amri ya kutupa ujumbe aliifuta kabisa. Ukizidi, ukatwe vipande viwili, lakini usinyamazishwe.

Waliruka na ndege ndogo yenye miguu ya kutelezea thelujini, yeye na Lorna, wakatua juu ya mto ulioganda, maili thelathini juu ya Nolkaket. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Lorna alikuwa amebeba kompyuta ndani ya koti lake, tumboni, kama mtu aliyebeba kuku, ili betri yake isife. Alifungua sanduku kwa vidole vitupu, dakika moja wazi, dakika moja makwapani, na alipokataa kusaidiwa mara ya pili Corbin hakuuliza tena. Programu ikaingia. Wakasubiri nusu saa wakizunguka ile nguzo kama vichaa, wakipiga miguu chini. Kisha Tervo akawaita kwenye simu ya setilaiti.

"Thelathini na nne," alisema. "Rudini nyumbani."

Mei ikaja. Barafu ya Yukon ilianza kupasuka huko juu, na ofisi nzima ikawa inatembea kwa kunyata. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, ujumbe ukaingia wenye baiti arobaini na moja. Corbin aliuona urefu kabla ya kuona kilichomo. Baiti za ziada zilikuwa na maana moja tu: tofauti zimekuwa kubwa. Akazifungua. Witiri, witiri, witiri. Safu ya kimo yote witiri.

"Lorna!"

Alishafika mgongoni kwake. Wakasoma pamoja. Kumi na moja chini. Kumi na tisa chini. Arobaini. Hamsini na nane. Tisini. Ndani ya nusu saa mto ulikuwa umeshuka sentimita themanini na tisa.

Effie alipokea simu mlio wa kwanza.

"Shangazi, unashuka."

"Kiasi gani?"

Akamwambia.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika thelathini na nne."

Sasa angeweza kutaja wakati bila kukosea zaidi ya dakika mbili, na yeye mwenyewe alishangaa kujisikia akijibu hivyo. Effie hakushangaa. Corbin alimsikia akigeuka kando, akizungumza kwenye redio ya kijiji kwa sauti ileile ya mafua, bila kupayuka: watu wote kwenye kilima cha uwanja wa ndege, wazee kwanza, mbwa wafunguliwe, boti zifungwe kwenye miti mikubwa. Mtu mmoja akajibu redioni kwamba mto uko chini kabisa, hata mchanga unaonekana, kuna haraka gani.

"Ndiyo maana, Wilmer!" alisema Effie. "Umesahau ulipata wapi ile boti yako mwaka jana? Juu ya paa la kanisa! Panda kilima!"

Ujumbe uliofuata ulionyesha maji yametulia chini. Uliofuata, vilevile. Saa tano na nusu ukaingia wenye baiti arobaini na moja tena. Nusu ya kwanza witiri ndogo ndogo, kisha, kama mtu aliyegeuka ghafla, shufwa tupu, kubwa, za baiti mbili mbili. Mto ulikuwa unapanda mita kwa dakika. Baada ya huo hapakuja mwingine. Barafu ilikuwa imekichukua kituo, nguzo na yote.

Saa tatu zilipita ofisini bila mtu kufanya kazi ya maana. Tervo alifagia sakafu. Lorna alikaa mikono mapajani akitazama simu. Corbin aliwaza kila mstari alioandika, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mkusanyiko.

Saa tisa kasorobo simu ikalia.

"Tuko kilimani," alisema Effie. "Mto umefika muda mfupi uliopita. Nyumba kumi na moja zimesogea. Ya kwangu naiona, imegeuka, mlango unatazama mtoni sasa. Vichanja vya kukaushia samaki vyote vimekwenda." Akapiga chafya. "Watu mia na sitini. Nimewahesabu mara mbili. Halafu Wilmer akajificha nyuma ya hema kunitania, nikahesabu mara ya tatu. Wote wapo."

 Lorna akaichukua simu mkononi mwa Corbin, akasema taratibu, "Asante kwa kutuambia, Shangazi," akaikata. Kisha akageukia dirisha na kusafisha miwani yake, ambayo haikuwa chafu.

Katikati ya Juni waliruka tena kwenda Nolkaket na kituo kipya. Kijiji kilinuka matope na mbao mpya. Kila mahali watu walikuwa wakipiga misumari. Effie, ambaye Corbin alikuwa hajamwona kwa macho, aligeuka kuwa mwanamke mkubwa mwenye mikono mipana. Aliwakalisha kwenye meza nje ya ile nyumba yake iliyogeuka, akawapakulia supu ya nyama ya mwitu na vipande vya samaki waliokaushwa kwa moshi.

"Nani kati yenu ndiye aliyefanya?" aliuliza.

"Huyu," alisema Lorna, akimwelekezea kijiko Corbin.

"Mwongo," alisema Corbin. "Shangazi, mimi niliandika. Njia alinionyesha yeye. Na kama wewe usingenicheka siku ile, kituo kingekaa kimya mpaka kibebwe na barafu. Nilisahau kwamba mto hushuka."

Effie akawatazama wote wawili. "Ule ujumbe wa asubuhi. Ulikuwa mrefu kiasi gani?"

"Baiti arobaini na moja. Ni kama kuandika herufi arobaini na moja."

Effie akachukua penseli iliyokuwa sikioni mwake, maana naye alikuwa anapima mbao, akaandika kwenye ubao mweupe wa msonobari majina yake yote, ya ubatizo na ya ukoo, ya marehemu mumewe vilevile yote, na jina la kijiji, kisha akahesabu herufi kwa ncha ya penseli. Zilizidi arobaini na moja hata kabla hajamaliza.

"Hata majina yangu na ya mzee hayaingii," alisema taratibu, "na mlitia mto mzima."

Corbin akatazama upande wa Lorna, akitaka kuona maneno hayo yamempata vipi. Lorna alikuwa ameacha kula. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni, kama msichana aliyesifiwa mbele za watu. Corbin hakuwahi kumwona hivyo, na hakumwona hivyo tena.

Kisha Lorna akakohoa, akavuta begi lake na kutoa kompyuta, akaifungua kati ya bakuli za supu.

"Kuna jambo linanikera," alisema. "Lile joto la maji. Chini ya barafu ni sifuri, sifuri, sifuri, mara kumi na nne, na kila sifuri tunailipia baiti nzima. Ni ujinga. Kwa nini tusiseme mara moja tu kwamba ni sifuri kumi na nne?"

"Namba moja ya kuhesabu zisizobadilika," alisema Corbin, akisogeza kiti.

"Baiti mbili badala ya kumi na nne."

"Ishirini na mbili kwa nusu saa."

"Na umeme unaobaki?" aliuliza Effie.

Wakatazamana. "Tunaweza kukutumia kila baada ya dakika ishirini," alisema Corbin.

"Basi kuleni haraka," alisema Shangazi Effie, akaondoa bakuli mbele yao kabla hazijaisha ili wapate nafasi ya kuandika.